Zamu ya Langoni

Tafakari ya juma
Somo: Nehemia 4:7–23



Jumapili moja alasiri, baada ya ibada ya pili, tulikwenda watu 12 kumtazama mama mmoja wa jumuiya yetu. Ulikuwa mwezi wa pili tangu figo zake zishindwe kazi kabisa. Shingoni, upande wa kulia, alikuwa amewekewa mpira wa kumwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Chumba chake ni kidogo: kitanda, kochi la watu watatu, dirisha moja lenye pazia zito. Tulijipanga kuanzia kitandani mpaka mlangoni. Mmoja wetu alikuwa na mafua, akakohoa mara kadhaa katikati ya wimbo. Kila mmoja alimpa mama mkono. Mimi niliyewaongoza niliweka kiganja begani mwake, vidole vikagusa bandeji, nikaomba kwa sauti.

Kabla hatujaingia, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni. "Shikamooni," alisema, akainamisha kichwa. "Samahani Baba Mchungaji, hospitali wamesema wageni wanawe kwanza." Niliitikia marahaba, nikamwambia, "Mwanangu, tumekuja kwa jina la Bwana, usiogope." Nikapita. Walionifuata nao wakapita kama nilivyopita.

Jumatano mama alipowekwa kwenye mashine, haikuisha nusu saa akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu. Alilazwa zaidi ya wiki mbili, mpira ukatolewa, ukawekwa mwingine upande wa pili. Alipona, Mungu ashukuriwe. Siwezi kusema kwamba ni mkono wangu uliompelekea ugonjwa, maana kijidudu hakitaji jina la aliyekibeba. Siwezi kusema pia kwamba si mkono wangu. Tafakari ya juma hili imezaliwa hapo.

Madaktari huyaita maradhi yanayomvizia mtu aliyedhoofika kinga magonjwa nyemelezi. Wengi wetu tulilisikia neno hilo kwanza katika miaka migumu ya UKIMWI, tukadhani ni la huko peke yake. Litazameni lakini. Kunyemelea ni mwendo wa chui azungukaye zizi usiku. Hagombani na boma lililo imara. Hupita kandokando yake kimya, akinusa, hadi afike pale miiba ilipolegea. Ndivyo ilivyo kwa vijidudu vingi. Kwa mtu mwenye afya vinakaa miaka bila ugomvi, kwa mwingine aliyelegea vinaingia na kuua. Na mtu ambaye figo zake zimeshindwa, boma lake limelegea sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Figo nzima, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja kwa pamoja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa taka katika mkojo wa lita 1 au 2. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana. Mashine huifanya kwa saa 4 tu, mara 3 kwa wiki, na wagonjwa wengi kwetu huenda mara 2 kwa sababu fedha haitoshi. Kwa hiyo sumu nyingine hubaki. Hiyo inayobaki huzilegeza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Askari wapo zamu, lakini wanasinzia. Ongezeni hapo upungufu wa damu, kisukari ambacho ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa, na sahani ya chakula inayorudi jikoni karibu kama ilivyokuja. Hata chanjo hazimkai mgonjwa huyu kama zinavyowakaa wengine. Ile ya homa ya ini aina ya B hupewa kwa dozi kubwa zaidi, kisha damu hupimwa ili kuona kama kinga imejengeka. Ndiyo maana, baada ya magonjwa ya moyo na mishipa, maambukizi yako mstari wa mbele kabisa kuwaua watu wanaosafishwa damu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonirudisha kwa Nehemia. Ngozi ni ukuta tuliojengewa na Muumba. Ili damu itoke iende kwenye mashine na kurudi, ni lazima ukuta huo ufunguliwe. Mgonjwa aendaye mara 3 kwa wiki hufunguliwa lango mara 156 kwa mwaka. Akichomwa sindano mbili kila mara, ni matundu 312. Mwenye mpira wa shingoni au kifuani lango lake haliondoki: ncha moja ya mpira iko nje, hewani, na nyingine iko ndani karibu na moyo. Yupo bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye karibu mtu 1 kati ya watu 3 anaye puani au juu ya ngozi bila kujua. Akipata njia kupitia lango hilo anaweza kufika kwenye vali za moyo au kwenye pingili za uti wa mgongo na kujenga makazi. Alitoka wapi? Kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, au kwenye mkono uliomsalimia.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, karibu miaka 445 kabla ya Kristo, alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa. Alilia, akafunga, akaomba. Alipofika mjini hakutangaza kitu. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua ufa mmoja baada ya mwingine, apate kujua mji uko wazi wapi. Kazi ilipoanza na nyufa kuzibwa, Sanbalati na Tobia walikasirika. Mpango wao ulikuwa wa kunyemelea: waingie pasipo kuonekana, wajenzi washtukie adui ameshafika katikati yao.

Sasa angalieni walichofanya watu wa Mungu katika mstari wa 9. Walimwomba Mungu, na wakati huohuo wakaweka ulinzi wa usiku na mchana. Mambo hayo mawili yamo katika pumzi moja. Nehemia, mtu wa kufunga na kulia mbele za Bwana, hakuona kwamba kumweka mlinzi ni kumpungukia Mungu imani. Tena walinzi hao aliwaweka mahali palipo chini na pasipo na kizuizi, kila jamaa mahali pake. Mimi siku ile nilikuja na nusu ya mstari. Nilileta maombi, nikampita mlinzi mlangoni.

Wapendwa, historia ya mashine yenyewe inatufundisha habari ya lango. Daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kwanza iliyokuja kufanikiwa kwa wagonjwa huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani. Alitumia utando wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, hadi mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alipoamka na kuishi. Hata hivyo mashine ilimfaa tu mtu ambaye figo zake zingerudi baada ya siku chache, kwa sababu kila safari mishipa ilikatwa na kuharibika, na mishipa ina mwisho. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliacha mrija wa teflon mkononi mwa mgonjwa ili lango litumike tena na tena. Watu waliokuwa wa kufa wakaanza kuishi miaka. Lakini mrija ulibaki nje ya ngozi, na vijidudu vikafuata mrija. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakaeleza njia nyingine: kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena ndani ya mkono wa mgonjwa mwenyewe, kisha ngozi ifungwe juu yake. Hiyo ndiyo fistula ya mkononi, ambayo si ile ya uzazi tunayoisikia redioni. Mpaka leo ndilo lango linaloambukizwa kwa uchache kuliko yote, kwa kuwa ukuta hurudi kujifunga baada ya kila zamu.

Mama yetu anayo sasa. Ilichukua miezi kukomaa kabla haijachomwa sindano ya kwanza. Siku moja aliniambia, "Baba Mchungaji, nawa uje uisikie." Nikaweka vidole viwili taratibu juu ya kovu lake, chini kidogo ya kiwiko. Palikuwa panavuma. Ilikuwa kama kuegemeza mkono kwenye mzinga wenye nyuki wengi. Kila asubuhi, kabla hajafungua Biblia, huuweka mkono pale kuhakikisha mvumo upo, hutazama kama pamevimba, pamekuwa pekundu au pana joto, kisha huosha mkono huo kwa sabuni. Hakubali kupimwa presha upande huo wala kubebea ndoo. Nikasema moyoni, huyu ndiye Nehemia akizunguka ukuta gizani.

Walinzi wengine nimewaona hospitalini. Niliruhusiwa kusimama mbali kidogo wakati muuguzi akimhudumia kijana mwenye mpira kifuani. Muuguzi alivaa barakoa, akamvalisha na kijana, akamwambia ageuze uso upande wa pili. Akanawa, akavaa glavu, akafungua bandeji na kuikagua ngozi kwa macho. Alisugua ncha za mpira kwa dawa, moja kwanza, halafu ya pili, kisha akangoja zikauke. Kungoja kwenyewe kulikuwa kazi. Wagonjwa watatu walikuwa kwenye benchi, ndugu mmoja akauliza mbona wanachelewa, na yeye hakuharakisha wala hakujibu mpaka alipomaliza kuunganisha. Ukutani mwa chumba cha pili mitambo ilikuwa ikichuja maji, kwa maana kila mgonjwa hutumia takriban lita 120 za maji kwa zamu moja, ndoo 6 za lita 20, nayo hutengwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Maji yanayotufaa sisi kunywa hayafai kukaribia damu kiasi hicho. Mwenye homa ya ini aina ya B anayo mashine yake, asichangie na mwingine. Nilikuwa nikipita katika vyumba kama hivyo kwa miaka nikidhani mhudumu wa roho ni mimi peke yangu.

Nehemia alikuwa na tarumbeta pia. Ukuta ulikuwa mrefu na watu wametawanyika, hivyo aliagiza kwamba popote sauti ya tarumbeta itakaposikika, wote wakusanyike hapo mara moja. Mwili nao hupiga tarumbeta. Kutetemeka kwa baridi, hasa mgonjwa akiwa kwenye mashine au muda mfupi baada yake, ni tarumbeta. Usaha, wekundu au maumivu penye mpira au fistula ni tarumbeta. Kwa yule anayesafishwa damu kwa maji yanayowekwa tumboni, maji yakitoka na ukungu, tumbo likauma, hiyo ni tarumbeta kubwa. Asingoje siku yake ya mashine, wala asimeze dawa zilizobaki kabatini, wala tusimwekee dawa ya majani penye mpira. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wakati mwingine sauti yake ni ndogo. Mwili wa mgonjwa wa figo huweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa kali. Unamwona amechoka tu, amechanganyikiwa, hataki kula. Kifua kikuu ndicho mnyemeleaji hodari zaidi katika nchi zetu. Watu wengi wanacho mwilini kimelala, na figo zikishindwa uwezekano wa kuamka huongezeka mara nyingi. Kikiamka, mara kwa mara hakikai mapafuni; hukaa kwenye tezi, tumboni au kwenye mifupa, na mgonjwa hakohoi. Hata kukonda kwake huenda msikuone, kwa sababu maji yanayojaa mwilini huficha nyama inayopungua. Jasho la usiku na uchovu usioisha usikubaliwe kama "ndiyo hali ya mgonjwa wa figo". Aulizwe daktari.

Naomba niseme na wale wanaonong'ona kwamba mtu akiugua tena na tena pana mkono wa mtu, au pana dhambi iliyofichwa, au imani yake ni haba. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa na ufa, na wenye kuujenga walikuwa wacha Mungu. Ufa si aibu ya mwenye nyumba. Wahenga wametuachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakutuagiza tukae chini tumchunguze mwenye ufa. Walituagiza tuzibe.

Tutaziba vipi, sisi tusio madaktari? Sura ya 3 ya Nehemia ni orodha ndefu ya majina ambayo wengi huiruka. Ndani yake mmeandikwa kwamba watu wengi walijenga kipande kilichoelekeana na nyumba zao. Basi juma hili kila mmoja atazame kilicho mbele ya mlango wake.

Jumuiya zetu zipunguze msafara. Kwa mgonjwa wa figo waende wawili au watatu, wakae muda mfupi, dirisha lifunguliwe. Mwenye mafua, kikohozi au jipu abaki nyumbani na apige simu. Simu yake ni ibada kamili. Tunapofika tunawe kwa sabuni kabla ya salamu, na maombi ya kuwekewa mikono yafanyike kichwani au tushike mkono usio na fistula, mafuta yakae mbali na bandeji. Mshirika asiyetoa mkono kanisani, aliyevaa barakoa na kukaa karibu na dirisha, msimwite mwenye maringo. Ametoka kwenye daladala iliyojaa, anajua anachokilinda. Akishindwa kuja, tumpelekee Chakula cha Bwana nyumbani.

Wenye nyumba msione haya kuwaambia wageni wangoje. Wanaoishi na mgonjwa wapate chanjo wanazoshauriwa, na mgonjwa mwenyewe aulize kituoni habari ya chanjo ya homa ya ini, ya mafua na ya nimonia. Wazee wa kanisa, mnapochanga kwa ajili ya wagonjwa, kumbukeni nauli ya kwenda mashine, yai na samaki wa kuujenga mwili kwa kadiri alivyoelekezwa, sabuni na glavu. Na wale wenye ndugu aliyepandikizwa figo, huduma iliyofanyika kwa mara ya kwanza nchini mwetu Tanzania katika hospitali ya Muhimbili, Novemba 2017, jueni kwamba naye anahitaji ulinzi uleule, maana dawa zinazomfanya aikubali figo ya mwenzake huwalaza askari wa mwili kwa makusudi.

Ukuta ule ulikamilika kwa siku 52. Wa mama yetu hauna siku ya kukamilika. Hufunguliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mara lazima pawe na mtu langoni. Kusimama zamu ya namna hiyo huchosha. Mungu tunayemwomba hachoki, na kwa huruma yake ametupa nafasi ya kushika zamu pamoja naye.

Katika orodha ile ya sura ya 3, mstari wa 12, yupo mtu aitwaye Shalumu, ambaye alijenga yeye na binti zake. Majina ya mabinti hayakuandikwa. Kwa muda mrefu nilisoma mstari huo bila kusimama. Siku hizi nikifika hapo namwona msichana mwenye jagi, ameinamisha kichwa mbele ya wakubwa wake, akishika lango la mama yake peke yake.

Alhamisi iliyopita nilikwenda tena, nikiwa na mzee mmoja wa kanisa. Binti alitoka mlangoni. Nilimwambia mbele ya mzee yule, "Mwanangu, siku ile nilikukosea. Nisamehe." Hakujibu kitu. Alileta beseni, nikakunja mikono ya shati, akaanza kuninawisha kama tunavyomnawisha mgeni kabla ya chakula. Nilisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Nilipotaka kumaliza akasema kwa upole, "Bado kidogo, Baba." Akaendelea kumimina.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyemgusa mwenye ukoma wala hukumkimbia, tufundishe kuwagusa wagonjwa wetu kwa mikono safi. Uwalinde wote wanaosafishwa damu juma hili, wale wa alfajiri na wale wa zamu ya usiku. Uwape wauguzi subira ya kungoja dawa ikauke. Uwafungulie masikio wanaokaa nao, wasikie tarumbeta ikiwa bado ndogo. Uwainue wasio na nauli, wanaoruka zamu kwa kukosa fedha, ukatufumbue macho tuwaone. Utusamehe sisi tuliowapita walinzi wako milangoni kwa kiburi cha utumishi. Na pale tunaposinzia, Mlinzi wetu, usituache. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.